Waya Uliokuwa Juu ya Meza

Saa saba na dakika nane mchana, Alhamisi, Machi 14, 2024, kompyuta ya ofisi ya mwalo wa wavuvi iliandika kwamba waya umechomekwa na wifi imezimwa. Waya ulikuwa juu ya meza. Rhobi, katibu wa mwalo, ndiye aliyeuchomoa asubuhi ili afagie, akasahau kuurudisha.

Alimpigia simu Stanslaus.

"Fundi, mtambo wako unaota mchana."

"Umegusa nini?"

"Nimegusa ugali tu. Njoo."

Stanslaus ana duka la kutengeneza kompyuta Musoma mjini, lakini wiki hiyo alikuwa kwa mama yake, Gaudensia, mwendo wa dakika tano kutoka mwaloni, upande wa Murangi. Walikuwa msibani. Siku tano kabla, familia ilikuwa imemzika mdogo wake, Masatu, aliyezama ziwani.

Mtambo ule aliufunga yeye. Mradi mmoja ulileta kompyuta ndogo inayotumia Linux, king'ora na nguzo. Tahadhari ya upepo ikitumwa kutoka Musoma, king'ora hulia na boti hazitoki. Mtandao uliingia kwa njia mbili: waya wa mkongo wa intaneti unaopitia Bunda, na modemu ya laini ya simu inayotoa wifi. Stanslaus aliandika programu ya mistari kumi na mmoja. Waya ukichomekwa, wifi izime. Waya ukichomolewa, wifi iwake. Hakuna mtu wa kugusa kitu. Siku alipoionyesha kwenye kikao, wavuvi walimpa sato wawili.

Alifika ofisini akakuta ncha ya waya mezani kama alivyoambiwa. Taa ya tundu la kompyuta ilikuwa kijani, ikicheza.

"Ni vumbi," alisema.

"Vumbi linawashaga taa?"

Alizima kompyuta, akaiwasha. Taa haikurudi. Rhobi alikuwa mlangoni, ameziba pua.

"Unasikia harufu? Nyavu mbichi."

"Huku ni mwaloni, Rhobi."

"Nyavu zinanukaga kule nje. Humu kuna karatasi na mimi, na mimi nimeoga."

Ijumaa saa saba na dakika nane, taa iliwaka tena. Jumamosi vilevile. Stanslaus alibadilisha tundu, akabadilisha waya, mwishowe akaondoa waya wote na kuupeleka nyumbani ukiwa ndani ya mfuko wa sukari. Jumatatu, dakika ileile, kompyuta isiyo na waya wowote iliandika kwamba waya umechomekwa.

Alikaa kwenye kiti. Rhobi alisimama nyuma yake.

Kuna amri ya kubisha hodi. Kompyuta hutuma ujumbe mdogo kuuliza kama upande wa pili kuna mtambo, na kama upo, hujibu. Stanslaus alibisha hodi. Tundu lilikuwa wazi, aliweza kuingiza ncha ya kalamu ndani yake.

Hodi ikajibiwa.

"Nani huyo?" Rhobi alinong'ona.

"Nyamaza."

Jibu la kwanza lilichukua sekunde moja, la pili sekunde moja, la tatu nne, na kati ya jibu na jibu kulisikika ndani ya kasha la kompyuta sauti ya maji yanayovutwa na kurudishwa, kama mtu anayejitahidi kupumua huku mdomo wake uko usawa wa maji, na harufu ya nyavu ikageuka kuwa harufu ya tope la mafunjo, na majibu yakazidi kuchelewa, sekunde tisa, sekunde ishirini na moja, na tundu likaanza kutoa maji, tone moja moja, yakishuka kwenye meza na kutafuta njia hadi kwenye mkono wa Stanslaus, ambao hakuuondoa kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, haukumtii.

Majibu yalikoma. Kioo kilianza kuandika.

*Februari 20, saa 2:11 asubuhi: waya upo, wifi imezimwa.*

Mstari uleule ulijirudia kwa saa 8:00 mchana, kwa saa 10:20, kwa saa 11:00 jioni, kwa saa 12:00.

Rhobi alisoma mpaka mwisho.

"Hii ni siku ile aliyozama Masatu," alisema polepole. "Si ulituambiaga kumbukumbu za siku ile hazipo?"

"Zilifutika."

"Zilifutika au ulizifuta?"

Alizifuta. Siku hiyo, saa nane mchana, greda lililokuwa likichonga barabara nje ya Bunda lilikata mkongo. Ofisini waya ulibaki umechomekwa kwenye kisanduku cha ukutani, kisanduku kilikuwa na umeme, taa ikabaki kijani. Programu iliuliza swali moja tu, kama waya umechomekwa. Haikuuliza kama kuna kinachopita ndani yake. Wifi, ambayo ingepokea tahadhari, iliendelea kuzimwa. Tahadhari ilitumwa saa kumi na dakika ishirini. King'ora hakikulia. Masatu na wenzake wawili walisukuma boti saa kumi na moja kasoro. Miili ya wenzake ilipatikana. Wa kwake haukupatikana, ingawa waliutafuta zaidi ya wiki mbili.

Stanslaus alifika kutoka Musoma asubuhi ya tarehe 21. Alianzia ofisini. Aliongeza mistari minne kwenye programu ili sasa iulize kama kuna kinachopita, akafuta kumbukumbu, kisha akaenda nyumbani kulia. Kwenye kikao alisema Musoma hawakutuma kitu. Watu walimwamini mtoto wao. Brian, aliyekuwa zamu upande wa Musoma, alisimamishwa kazi.

Rhobi hakumwambia mtu alichosoma kwenye kioo. Alimwambia Gaudensia habari za maji na pumzi tu. Gaudensia ni mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na hakosi misa, lakini Jumanne alimtuma mtu wa bodaboda kwenda Butiama kumleta Nyamhanga, mganga.

Nyamhanga alifika jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa. Hakuleta kuku wala kioo. Aliingia ofisini, akanusa, akatoka.

"Mlimzika?"

"Tulizika mgomba," alisema Gaudensia. "Kama tulivyozoea."

Katika ukoo wao, aliyezama asionekane hukatiwa mgomba wa urefu wake. Hufungwa shuka, hushushwa kaburini. Kisha ndugu mmoja huinama na kumweleza alivyokufa, hatua kwa hatua, kwa sababu aliyefia majini hajui kwamba amekufa. Hudhani bado anaogelea.

"Nani alimweleza?"

Macho yalimgeukia Stanslaus.

"Ulimwambia nini, kijana?"

"Nilimwambia upepo ulikuja bila taarifa."

"Ulikuja bila taarifa?"

Stanslaus aliinua macho kwenye nguzo ya king'ora.

"Basi ndiyo maana anakuja," alisema Nyamhanga. "Umemwelekeza njia ambayo haipo. Anaijaribu, inamrudisha hapa. Ataijaribu mpaka achoke, na akichoka hatakuwa Masatu tena. Atakuwa jini la kusumbua watu, na humo ofisini mtahama wenyewe."

"Kuna dawa?" Rhobi aliuliza.

"Dawa gani? Huyu akaseme tena. Mimi nilipeni nauli tu nirudi."

Asubuhi ya Jumatano, Machi 20, walikwenda kaburini, wanne. Udongo ulikuwa umelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Jumapili. Stanslaus alipiga magoti. Alianza kwa sauti ya chini, Nyamhanga akamwambia apandishe. Alieleza greda, waya, swali ambalo programu haikuuliza, saa kumi na dakika ishirini, kumbukumbu alizofuta, jina la Brian. Alipofika kwenye neno "nilidanganya," kitu chini ya udongo kilitoa pumzi moja ndefu, udongo ukashuka kwa kiasi cha kiganja, na harufu ya tope ikapita kati yao ikielekea ziwani.

"Ameelewa," alisema Nyamhanga.

Gaudensia alikuwa amesimama pale pale. Hakulia.

"Mama," alisema Stanslaus.

"Maji ya kunawa yako wapi?" Gaudensia alimuuliza Rhobi.

Tangu siku hiyo mtambo haujaandika kitu kisicho cha kweli. Rhobi huangalia kila mchana. Barua ya kumsafisha Brian ilikuwa haijaandikwa mpaka mwisho wa wiki. Stanslaus alisema ataiandika akitulia.

Jumapili ya Matawi, Machi 24, Gaudensia alitoka misani na kuagiza mgomba mwingine ukatwe. Vijana wawili wa ukoo waliuliza wapime urefu gani.

"Mrefu kuliko ule wa kwanza," alisema. "Uzidi kichwa kimoja."

Walichimba kando ya kaburi la Masatu. Mgomba ulifungwa shuka, ukashushwa. Gaudensia aliinama mwenyewe, tawi la mnazi likiwa bado mkononi.

"Stanslaus mwanangu," alisema, "hujui kama umekufa. Ulikufa Februari 21 asubuhi. Ulikuja kwenye msiba wa mdogo wako, ukapitia ofisini kwanza. Pale ndipo ulipofia. Sasa nimekueleza. Usirudi."

Walifukia. Watu kumi na wanne walikuwepo, na walinawa mikono kwa zamu kwenye beseni moja. Stanslaus alikuwa amesimama hatua sita kutoka hapo, begi begani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Alirudia mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyeitikia.