Ndege ya Gauni la Mama

Baba yangu aliendesha lori miaka thelathini. Ukimwambia jambo, kwanza anakataa, halafu anakunywa chai, halafu anakubali. Ndivyo alivyo, nami nampenda hivyo hivyo.

Alipostaafu akaanza kuunda ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. Meza ya cherehani ya Mama ikajaa gundi, vijiti na nyaya. Mama, fundi wa nguo, alinuna siku mbili. Siku ya tatu akatoa gauni lake la harusi, akalikata, akayavika mabawa mwenyewe.

"Kwenye lori hukuwahi kunipakia," alisema. "Haya, kwenye hii nami nimo."

Jumamosi tukaenda uwanjani. Ndege ikapaa, ikainua pua ghafla, ikapinduka. Puu! Bawa moja likachanika vibaya.

Mama akaokota kitambaa. "Mume wangu, gauni limebaki kipande kimoja tu. Nitashona bawa jingine. Ikianguka tena, basi."

Baba akapiga magoti, akaokota vijiti kimoja kimoja. Moyo uliniuma kumwona hivyo.

Nikamwita jirani yetu, dada anayetengeneza redio. Akaifungua ndege.

"Mzee, sevo hizi umechagua wewe?" Sevo ni vimota vinavyosukuma vibao vya kuongozea ndege.

"Mimi mwenyewe! Kubwa kuliko zote dukani."

"Za kuvuta gogo hizi, mzee wangu! Ndege ni nyepesi kama mkate, nawe umeibebesha mzigo mkiani. Tuweke ndogo zinazotosha, tena tuzisogeze mbele."

Akaweka ndogo. Kisha akaiinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu na ukingo wa mbele. Ikatulia sawa kama mizani, mkia haukulala.

Akavuta kijiti cha rimoti. Kibao cha mkia kikapanda juu sana. Akapima kwa rula.

"Sentimita tatu! Za nini zote hizi?"

"Usukani wa lori unauzungusha mara mbili ndipo ukate kona," Baba alijitetea.

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwani una tela huko juu? Hapa sentimita moja inatosha."

Mkono wa sevo una matundu. Waya wa kibao ulikuwa kwenye tundu la mwisho. Akauhamishia tundu la karibu na katikati, kibao sasa kikapanda sentimita moja tu. Kwenye rimoti nako akalainisha mwanzo, ili ukigusa kijiti kidogo, kibao kisiruke.

"Kama kukanyaga cherehani," Mama alisema, sindano mkononi. "Ukianza kwa pupa, uzi unakatika. Nimekwambia miaka mingapi?"

"Lori si cherehani," Baba alisema. Akanywa chai. Akakubali.

"Na kila mara kabla ya kurusha," jirani akaongeza, "vuta kijiti kwako. Kibao cha mkia lazima kipande. Kikishuka, usirushe."

Jumamosi iliyofuata Baba akavuta kijiti. Kibao kikapanda. Mama akanishika mkono, akanibana mpaka nikaumia. Ndege ikaondoka taratibu, ikazunguka uwanja mara tatu, ikatua mbele yetu bila mchubuko.

Mama alikuwa analia. Baba akashtuka. "Nini tena, mama watoto?"

"Miaka thelathini nilikuona ukiondoka tu, halafu nikabaki kusubiri. Leo nimeiona safari yako yote, mpaka umerudi."

Baba akamsogelea. Kisha akamwekea rimoti mkononi.

"Basi rusha wewe," alisema. "Taratibu. Kama cherehani."