Sauti Kwenye Maua ya Jangwani

Haya yalimpata Martina, shoga wa binti yangu, mfanyakazi wa ndani kule Garhoud, Dubai. Na Martina hana ulimi wa kutia chumvi kama mimi.

Mwaka 2006 mvua ilinyesha, jangwa likachipua maua ambayo watu huyangoja miaka. Madam, mwajiri wake, akamtia Martina garini wakayaone. Martina alikwenda roho mkononi, maana Belinda wa Tanga, aliyefanya kazi kabla yake, alishushwa na madam huko huko kwa kuunguza abaya, baibui lake, kwa pasi, eti atembee apate adabu. Hakurudi.

Wakachuma mpaka magharibi. Giza likashuka, upepo ukanyamaza. Ndipo sauti ya kike, ya Kitanga hasa, ikaita jina la madam mara moja tu.

"Nani ananiita?" madam akauliza kwa Kiarabu.

Kwao Martina hata mtoto anajua kwamba usiyemwona akikuita gizani, huitikii.

"Mwitikie, madam," akasema taratibu. "Ndiyo adabu."

Madam akaitika, akaifuata sauti. Maua yakachakacha, kisha kimya.

Sauti ikaita tena. Na madam, ambaye hakujua Kiswahili hata neno moja, akajibu kutoka chini ya mchanga, kwa unyenyekevu:

"Abee, bibi."