Kambale Aliyemnyima Baba Raha

Kila siku baada ya masomo, Tabita alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Kibanda hicho kilikuwa kando ya barabara kuu ya Tunduma, pale ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Baba yake, Abrahamu, alikuwa fundi wa matairi. Tabita alimchotea maji ya kunywa, akamsogezea spana, huku madereva, wengine wakimsalimu fundi kwa Kibemba, wakimharakisha kutoka kila upande.

"Mulishani, fundi! Fanya upesi, foleni inasogea!"

Baba aligonga rimu kwa nyundo, akajaza tairi upepo, akahamia lori lingine. Hakukaa chini tangu asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni mwa mwaka alishikwa na kizunguzungu akiwa ameinamia jeki, na kwenye zahanati wakamwambia ana presha. Aliagizwa ameze dawa kila asubuhi, apunguze chumvi, na siku moja katika wiki akae mbali na kelele za malori.

Baba alichagua Jumamosi. Kwa kuwa alikulia Kamsamba, karibu na mto Momba, mapumziko aliyoyajua yeye yalikuwa kuvua kwa ndoano. Basi kila Jumamosi mchana alimpakia Tabita kwenye baiskeli, wakaenda hadi bwawa moja dogo upande wa Mpemba. Walichimba nyungunyungu, wakaweka chambo, wakafunga kipande cha kandambili kuukuu kwenye mshipi ili kielee. Kisha Baba alikaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akanyamaza.

Tabita, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakuweza kunyamaza. Miguu ilimwasha. Kila baada ya dakika mbili aliinua fimbo yake ya mwanzi kuangalia ndoano.

"Baba, tuhamie upande ule."

"Tumefika sasa hivi tu, mwanangu."

"Lakini kule wanaruka!"

"Waache waruke," Baba alijibu, macho yake majini.

Jioni walirudi na perege wawili au watatu wenye ukubwa wa kiganja. Siku nyingine walirudi mikono mitupu, na Baba alipiga mluzi njia nzima vilevile. Tatizo lilikuwa pale karibu na nyumbani, kwa jirani yao Gwamaka, muuza chipsi.

"Fundi, mafuta yamechemka!" Gwamaka alipaza sauti kila alipowaona. "Leta huyo samaki!" Alichungulia ndani ya ndoo yao, akawageukia wateja wake. "Jamani, hawa ni samaki au ni chambo?"

Wateja waliangua kicheko. Baba naye alicheka. Tabita hakucheka. Alihisi masikio yake yanawaka moto, na Jumatatu mtoto mmoja alipomwita "binti dagaa" mbele ya darasa, alishindwa hata kunakili kazi iliyokuwa ubaoni.

"Mimi nataka apate samaki mmoja mkubwa," alimwambia rafiki yake Irene wakati wa mapumziko. "Mmoja tu, ili wanyamaze."

Irene alifikiri. Mjomba wake alifuga kambale kwenye mabwawa nyuma ya nyumba yao. "Mjomba huwa anampa kambale mtu anayemsaidia kazi," alisema. "Njoo tuwalishe pumba siku tatu. Na kambale hafi upesi. Ukimweka kwenye ndoo yenye maji kidogo, anafika popote akiwa hai."

Tabita alilisha kambale siku tatu, akapewa mmoja mkubwa. Jumamosi ilipofika, Irene alitangulia bwawani na kujificha kwenye matete, akiwa na ndoo yenye kifuniko. Tangu walipofika na Baba, Tabita alitupia macho matete yale. Hatimaye Baba aliinuka kwenda kumsalimia mlinzi wa bwawa, kama alivyozoea.

"Nishikie fimbo yangu," alisema. "Narudi sasa hivi."

Wasichana wawili walifanya haraka. Kambale alikuwa mrefu kuliko mkono wa Tabita kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na alikuwa anateleza kama sabuni. Irene alimkumbatia, Tabita akampitisha ndoano mdomoni, wakamteremsha majini. Irene akatoweka na ndoo yake.

Baba aliporudi, kipande cha kandambili kilikuwa kimezama kabisa.

"Tabita! Huoni? Lete hapa!" Alidaka fimbo. Mwanzi ulipinda. Baba alipiga magoti kwenye tope, akavuta, akalegeza, akavuta tena. Kambale alipochomoza kichwa chake kipana chenye ndevu, Baba alipiga ukelele hadi mlinzi akaja mbio. Alimkumbatia samaki yule kifuani, shati lake safi likajaa tope, akarukaruka kama mtoto wa chekechea.

Tabita hakuwahi kumwona baba yake hivyo. Kwa muda alisahau kabisa ndoo ya Irene.

Jioni ile Gwamaka aliweka chini upawa wake. Alimtazama kambale, akamtazama Baba, akatoa simu na kuwapiga picha. Mama aliunga kambale kwa nyanya na vitunguu, majirani wakaja kuonja. Tabita alimega kipande, akakirudisha kwenye sahani. Alisema ameshiba.

Alidhani mambo yameishia hapo. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Jumatatu Baba alimsimulia kila dereva habari za kambale wake, akionyesha urefu kwa mikono miwili. Kufikia Ijumaa mikono ile ilikuwa imeachana zaidi. Alinunua mshipi mnene na ndoano kubwa. Jumamosi hakusubiri mchana. Alimwamsha Tabita alfajiri, wakaondoka bila kunywa chai.

Bwawani Baba hakukaa kwenye nyasi. Alisimama ukingoni, meno yameumana, akiyakodolea maji macho.

"Tuhamie kule," alisema ghafla.

"Tumefika sasa hivi tu, Baba."

"Tuhamie, nimesema! Yupo. Kama yule mmoja alikuwepo, basi wapo wengine."

Walihama mara saba. Ndoano ilikuwa kubwa mno kwa mdomo wa perege, kwa hiyo Baba hakupata kitu. Tabita, kwa ndoano yake ndogo, alipata perege mmoja mnene mwenye mapezi mekundu. Siku nyingine Baba angempigia makofi.

"Mrudishe majini," alisema bila kugeuka. "Huyo si samaki."

Waliporudi nyumbani, hakupiga mluzi.

Wiki iliyofuata alianza kwenda bwawani hata siku za kazi, asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alichelewa, na madereva wakamfokea, naye akawafokea. Mama alipomuuliza kama amemeza dawa, alijibu, "Nitameza," huku anapanda baiskeli. Tabita aliona yote hayo. Akiwa darasani alizungusha kalamu ya risasi, akavunja ncha, akachonga, akavunja tena. Mara mbili alifika mlangoni kwa baba yake akiwa tayari kusema, na mara mbili aliishia kumuuliza kama anataka maji.

Jumamosi ya tatu tangu siku ya kambale, jua lilikuwa kali. Baba alikuwa anahamia sehemu ya tano alipoachia fimbo ghafla, akashika kichwa, akakaa kwenye tope.

"Baba!"

"Dunia inazunguka," alisema taratibu. "Usiogope. Mwite mlinzi."

Mlinzi aliita bodaboda, wakampeleka Baba zahanati, Tabita akiwa amemshikilia kwa nyuma. Nesi aliyewapokea, aliyeitwa Jenista, alimfunga Baba mkanda wa kipimo mkononi. Alipoona namba, alipima tena.

"Mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa lini?"

Baba alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha.

"Na ile siku ya kupumzika, unapumzika?"

"Ninakwenda kuvua."

Nesi Jenista aliangalia suruali yake iliyojaa tope, viganja vilivyochubuliwa na mshipi, macho mekundu. "Unavua," aliuliza, "au unapigana?"

Alimpa dawa, akamwambia alale kitandani mpaka atakapompima tena. Tabita alibaki peke yake na baba yake. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha maneno yalimtoka yote kwa mpigo mmoja.

"Baba, yule kambale hakuwa wa bwawani. Alitoka kwa mjomba wake Irene. Nilimweka mimi kwenye ndoano yako."

Baba aligeuza kichwa. "Umesemaje?"

Tabita alisimulia kila kitu: pumba, ndoo, matete. Alipomaliza, Baba aliinuka kwa kiwiko.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanakucheka, Baba. Kila Jumamosi."

"Mimi nilikuwa nalia?"

"Hapana. Ulikuwa unacheka nao."

"Basi aliyekuwa anaumia ni wewe, si mimi." Baba alifumba macho. "Nimewaambia watu wote, Tabita. Madereva, kanisani, kila mtu. Nimejichosha wiki tatu nikitafuta kitu ambacho hakipo. Usiniongeleshe kwanza."

Hakuzungumza naye njia nzima, wala Jumapili, wala Jumatatu. Tabita alifagia uwanja mara mbili. Aliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, akavunja kikombe. Mama, aliyekwisha kusikia yote, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Umechelewa kusema kweli, lakini umesema. Sasa mwache baba yako apoe."

Jumanne jioni Baba alimwita. "Sitakupiga," alisema. "Lakini uongo huu ulianza na wewe, wewe ndiye utakayeumaliza. Utamwambia Gwamaka. Madereva nitawaambia mimi, maana ile mikono ya kuonyesha urefu ilikuwa yangu."

Walikwenda pamoja. Tabita alisimama mbele ya meza ya chipsi, wateja wakiwa wamejaa, akaeleza. Alitamani ardhi immeze. Gwamaka alicheka hadi akashika meza ili asianguke. Kisha alimwona msichana anafuta machozi kwa mkono wa sare yake ya shule, akaacha kucheka.

"Kumbe nilikuwa nakuumiza," alisema. "Mimi nilidhani ni utani wa mimi na fundi tu. Nisamehe, binti yangu."

Baba alirudia kumeza dawa kila asubuhi, Mama akiwa amesimama mbele yake na glasi ya maji. Alipumzika Jumamosi mbili nyumbani kwa amri ya Nesi Jenista. Mwezi uliofuata alipopimwa, presha ilikuwa imeshuka, na nesi akamruhusu kwenda bwawani kwa sharti kwamba aende mchana, akiwa amekula, na akae chini.

Alikaa. Alifunga ndoano ndogo, akanyoosha miguu kwenye nyasi. Tabita alikaa kando yake, akisubiri kuona kama uso wake utabadilika. Saa nzima ilipita bila samaki. Kisha Baba alivuta perege mmoja, akamgeuzageuza juani ili magamba yang'ae.

"Unamwona?" alisema, akitabasamu.

"Ni mdogo, Baba."

"Ni mdogo, kweli." Alimweka kwenye ndoo. "Tabita, nisikudanganye na mimi. Kushika samaki mkubwa ni raha. Siku ile nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Mtu akikuambia anavua na hajali kabisa kama atapata kitu, huyo hasemi kweli. Lakini mimi sikuja hapa kwa ajili ya ukubwa wa samaki. Nilikuja kupumzisha kichwa changu, na hao perege wawili watatu walinitosha kabisa, mpaka siku nilipoanza kuwapima kwa macho ya watu wengine."

"Ni mimi niliyekuanzishia."

"Ulianzisha wewe, nikaendeleza mimi. Ulitaka kunipa sifa, na ulifanya hivyo kwa sababu unanipenda. Hilo nimelijua. Ila sifa ya uongo ni mzigo kwa anayepewa. Inamfanya ahangaike kutafuta tena kitu ambacho hakuwahi kukipata. Ukiona jambo linakuumiza kwa ajili yangu, njoo uniambie. Usinitengenezee furaha kwa siri."

"Nimekuelewa, Baba."

"Haya. Weka chambo kipya, na mara hii uache ndoano majini mpaka samaki mwenyewe akuite."

Tabita alichukua nyungunyungu kutoka kwenye kopo, akaweka chambo, akarusha mshipi. Miguu bado ilimwasha kidogo. Aliikunja chini yake na kuikalia.