Koo la Nne

"Nimesema ondoa hiyo sauti!"

"Sauti gani, bosi? Sijaongeza kitu."

"Haruyo, usinifanye mtoto. Hii ya juu nimeisikia, hii ya pili nimeisikia, na hii nzito ya chini. Sasa hiyo nyingine inayofuata nyuma kama mtu aliyechelewa harusi, ni ya nani?"

"Mashine ina makoo matatu, bosi. La nne nitalitoa wapi, tumboni mwangu?"

Kunihiko, mwandishi wa programu, alicheka puani akiwa meza ya pili. Bosi Ogata hakucheka. Alisogeza sikio kwenye spika ndogo akabaki ameinama, huku mvua ya Juni ikipiga madirisha ya ghorofa ya tatu. Chini yao, mitaa ya Osaka ilikuwa imejaa miamvuli.

Haruyo alisema kweli. Mashine ya mchezo ambayo watoto wa nchi nzima waliichomeka kwenye televisheni mwaka ule ilikuwa na makoo matatu tu ya kuimba. La ziada lilikuwa la kukoroma, kama mafuta yanayokaanga samaki, na hilo walilifanya ngoma. Kinanda hakikuwepo. Wimbo uliandikwa kwa tarakimu, noti moja baada ya nyingine, katika nafasi isiyotosha hata barua ya ukurasa mmoja. Mbweha wa mchezo akiruka, mlio wa kuruka kwake uliliazima koo moja, na wimbo ulibaki na pengo mpaka atue.

"Usihofu pengo," Chizuru, mtunzi mwenzake, aliwahi kumwambia Haruyo siku alipomfundisha kazi. "Sikio la mtu lina huruma. Likikosa noti, hujijazia lenyewe."

Na wimbo waliokuwa wakiugombania ulikuwa wa Chizuru. Ni ule wa mwisho, mbweha mdogo anapofika nyumbani kwa mama yake. Chizuru alikuwa ameuacha bila mwisho mwezi wa Februari, naye hayupo tena duniani.

Haruyo alichukua karatasi yake akamwonyesha bosi safu tatu za tarakimu. Kisha alizima koo la kwanza. Akazima la pili. Akazima la tatu, na ngoma pia.

Spika ikaendelea kuimba.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya chini sana, kama mtu anayeimba huku akifua. Hakuna aliyesogea. Halafu chumbani kukanuka mikate ya mvuke yenye nyama, ile inayouzwa vibandani wakati wa baridi. Mwezi wa Juni hakuna duka linaloiuza.

"Zima umeme," bosi akanong'ona.

Kunihiko alichomoa waya ukutani. Sauti ikamaliza mstari wake taratibu, ndipo ikanyamaza.

Katika ofisi ile, kama katika kila nyumba ya mji ule, anayetoka husema mlangoni, "Naenda, nitarudi," na wanaobaki humjibu, "Nenda uje salama." Anayeingia husema, "Nimerudi," naye hujibiwa, "Umerudi salama." Watu husema hivyo kutwa nzima bila kuinua vichwa, kama wanavyopepesa macho.

Siku ile ya Februari, Chizuru alisimama mlangoni akivaa viatu. "Jamani, nafuata mikate. Naenda, nitarudi!"

Hakuna aliyemjibu. Mchezo mwingine ulitakiwa kiwandani jioni ile, na kiwanda kikishachapa kaseti za mchezo hakuna kosa linaloweza kufutwa tena. Bosi alikuwa kwenye simu. Wachoraji wawili walikuwa wakigombana kuhusu rangi ya jiwe. Kunihiko alikuwa amevaa hedifoni. Haruyo alimsikia. Lakini kichwani alikuwa ameshika noti moja ambayo aliona angeipoteza kama angefungua mdomo, kwa hiyo aliufunga.

Lori lilimkuta Chizuru kwenye kivuko cha reli ya tramu. Haruyo alipofika mbio, mikate ilikuwa imetawanyika barabarani, bado inatoa mvuke.

Baada ya mazishi mama yake alikuja kuchukua kikombe chake na sweta. Aliuliza, kwa adabu sana, kama anaweza kuonyeshwa jina la binti yake kwenye mchezo. Wakaangaliana. Kampuni zilikuwa zikificha majina ya watunzi ili wasiibwe na kampuni nyingine, na Chizuru kwenye skrini aliitwa "Kijiko."

"Kijiko," mama alisema. Akainamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Alisahau ndara za binti yake za ofisini, na hakuna aliyethubutu kuzitoa kwenye rafu ya mlangoni.

Kesho yake baada ya ule ugomvi wa sauti, bosi aliamuru wimbo wote ufutwe. Haruyo alifuta tarakimu moja moja. Alipowasha, mbweha alifika nyumbani kimya. Kisha sauti ikaanza, peke yake, bila tarakimu hata moja ya kuishika.

"Dada Haruyo," Kunihiko alisema polepole, "hayumo kwenye kaseti huyu. Yumo humu ndani na sisi."

Tangu hapo kila siku saa kumi alasiri harufu ya mikate ilikuja kwanza, halafu sauti. Ndara zilikutwa zimelowa maji, asubuhi zikitazama ndani, alasiri zikitazama nje. Mchoraji mmoja akasema anaumwa, na hakurudi. Haruyo hakukimbia. Alianza kuingia mapema. Alikaa karibu na spika, na Kunihiko alimwona mara mbili akitabasamu.

"Anakuimbia nini?"

"Ule mwisho. Anatafuta mwisho wa wimbo. Kila siku anasogea noti mbili."

"Na akiupata?"

Haruyo alisogeza kiti karibu zaidi na spika. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vya baridi, na chakula alichobeba kutoka nyumbani alikirudisha bila kukigusa.

Jumatano sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka mlangoni, na Haruyo alipoisikia alisimama bila kujua kwamba amesimama, akapita katikati ya meza, akashuka ngazi ambazo kila moja ilikuwa na alama ya mguu wa maji uliomtangulia, akatoka kwenye mvua bila mwavuli na ndara zake za ofisini miguuni, akifuata ule wimbo uliokuwa ukisogea mbele yake kama mtu anayegeuka kila baada ya hatua chache kuhakikisha kwamba mwenzake hajapotea, na mikate ilinuka, na mvuke ulikuwa mzuri na wa joto usoni mwake, na alikuwa amebakiza noti mbili tu za wimbo, moja, na hii ya mwisho, wakati mkono ulipomkamata ukosi na kumtupa nyuma.

Lori likapita. Upepo wake ulimvua ndara moja.

"Una wazimu wewe!" Kunihiko alikuwa akilia waziwazi. "Una wazimu! Unajua uko wapi?"

Haruyo aliangalia reli za tramu. "Alikuwa ananionyesha wanapouza mikate," alisema.

Alhamisi bosi Ogata alileta bibi wa maombi kutoka ng'ambo ya mto, mwanamke mfupi mwenye shanga za kuombea mkononi. Wafanyabiashara wa mji ule huwaita watu kama yeye wanapofungua duka, na huwaita kwa siri duka linapowashinda. Hakuomba chai. Alizunguka chumba akinusa.

"Mzimu hauingii mahali bila kukaribishwa," alisema. "Nani alimwitikia?"

"Hakuna," bosi alisema. "Bibi, sisi tunaunda mashine, hatuiti mizimu."

"Aliposema amerudi. Nani alimwitikia?"

Wakakumbuka. Ilikuwa siku ya kwanza ya mvua. Mlango ulifunguka, sauti ikasema, "Nimerudi," na wote wakajibu pamoja, "Umerudi salama," macho yakiwa kwenye skrini. Kunihiko akaanza kuhesabu kwa vidole. Bosi alikuwepo ndani. Wachoraji wote wawili walikuwepo. Yeye alikuwepo, Haruyo alikuwepo. Siku ile hakuna mtu aliyekuwa ametoka.

Bosi Ogata, mtu ambaye hata kwenye mazishi hakutoa chozi, aliketi sakafuni.

"Mmemkaribisha, na mahali alipo si pake," bibi alisema. "Hana ubaya, maskini. Ila ana upweke, na upweke wa maiti hauna kipimo. Anamtaka huyu." Alimwonyesha Haruyo kwa kidevu. "Saa kumi nitamwomba aende. Atakwenda mlangoni, atavaa ndara, atasema yale maneno yenu. Msimwitikie. Neno mnalojibu ninyi lina kurudi ndani yake. Mkilisema, mmempa njia, na safari hiyo hatarudi kusikiliza nyimbo. Atarudi kuchukua."

"Mara ya mwisho tulimnyamazia," Haruyo alisema.

"Basi mnyamazieni tena."

"Bibi, kimya hicho ndicho alichokufa nacho."

"Mwanangu," bibi alisema, na sauti yake ililegea kidogo, "mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Basi mfikirie huyo. Hata moyo ukipasuka, mdomo ufungwe."

Saa kumi harufu ikaja. Bibi alianza kusoma sala, shanga zikigongana, na wimbo ukainuka kutoka kila kona, kutoka kwenye spika na kutoka kwenye mashine zisizo na umeme, kutoka kwenye mabomba ya ukutani, makoo matatu na la nne juu yao, na haukuwa wa kutisha, hilo ndilo lililowaumiza, ulikuwa mzuri kuliko wimbo wowote uliowahi kutoka katika chumba kile, na bosi aliuma taulo lake la kufutia jasho, na Kunihiko aliziba masikio akakuta kwamba bado anausikia, na katikati yake palikuwa na pengo la noti moja ambalo sikio la kila mmoja lilijitahidi kulijaza.

Kisha makoo yakaanguka moja moja. La chini. La pili. La kwanza.

Hatua zenye maji zikatoka karibu na kiti cha Haruyo, zikapita katikati ya meza bila haraka. Mlangoni ndara zikasogea juu ya sakafu, moja, halafu nyingine. Kitasa kikazunguka. Nje kulikuwa na ngazi tupu na mvua.

"Naenda, nitarudi," ilisema sauti. Ilikuwa na uchangamfu uleule wa Februari, wa msichana anayekwenda kuwanunulia wenzake mikate.

Kimya.

Mlango haukufungwa. Alikuwa amesimama pale, wote walijua, akiwa amegeuza kichwa nusu, akingoja kama alivyongoja siku ile kabla ya kukata tamaa na kushuka. Bibi aliacha kusoma. Aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa Haruyo na kukikaza. Kiganja kilinuka ubani.

Haruyo alihesabu ndani yake kama wanavyohesabu watunzi: moja, mbili, tatu, nne. Mlango ukaanza kurudi, polepole, kwa aibu, kama wa mtu aliyeona kwamba amesumbua.

Ndipo alipoushika mkono wa bibi, akauondoa taratibu, kama mtu anavyoondoa mkono wa mtoto aliyelala.

"Nenda, Chizuru," alisema. "Nenda uje salama."