Daraja la Kufuli la Marehemu Kaka

Siku ya kwanza fundi wa magitaa alidhani ni masikio yake. Nyuzi zote sita za gitaa lake zilikuwa zimeshuka nusu sauti, sawasawa, na jambo hilo haliwezekani kwa daraja la kufuli. Daraja la namna hiyo, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kifuani mwa gitaa, huzibana kwa skrubu huku na huku. Ukishakaza skrubu, hata uuvute mkono wake wa chuma mpaka gitaa lilie kama paka, ukiachia sauti hurudi palepale.

Alikuwa ameyalinganisha madaraja mawili. Jipya lililika kingo baada ya majaribio mia. La zamani, la chuma kigumu, halikutetereka. Hilo la zamani lilikuwa kwenye gitaa la marehemu kaka yake, ambalo shemeji yake, mjane wa marehemu, alimwachia alitunze. Fundi aliling'oa, akalifunga kwenye gitaa lake mwenyewe, na la marehemu akalitia lile jipya. Kwa macho yalifanana. Nani angejua?

Siku ya pili, nusu sauti nyingine. Siku ya tatu alikaza mpaka kiganja kikachubuka. Siku ya tano, mchana kweupe, karakana ilijaa harufu ya jasho la mtu aliyekaa karibu mno, springi nyuma ya gitaa zikaanza kuguna moja baada ya nyingine, na mkono wa chuma, ambao hakuna aliyeugusa, ukainama polepole, kana kwamba unashushwa na mtu mwenye subira, sauti ikiteremka nao mpaka haikuwa muziki tena bali pumzi, na fundi akajisikia akisema, "Kaka, nisamehe."

Akampigia simu shemeji yake. Alifika saa kumi.

"Mbona umekauka hivyo? Umeona jini?"

"Usicheke, shemeji. Nimekuibia." Akaeleza yote, macho sakafuni. "Nalirudisha leo hii. Kaka amekasirika."

Tabasamu likamfutika mwanamke usoni. Akafunga mlango.

"Si kaka yako," alinong'ona. "Ni kitu kilichokuwamo ndani ya daraja hilo tangu alipolinunua, kuukuu. Kila siku nyuzi zilishuka, naye akakaza. Asubuhi ile nyuzi zilipolegea kabisa zikalala, hakuamka."

"Tulitupe basi!"

"Alilitupa mara mbili. Tulilikuta limerudi. Halimwachi mtu mpaka atokee mwingine wa kulitamani. Binti yangu alikuwa ameanza kulishikashika. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilikodolea macho miaka yote."

"Ulijua nitaliiba."

"Niliomba uibe. Nisamehe, shemeji."

Akalikumbatia gitaa la mumewe, lenye daraja laini lisilo na lolote, akatoka bila kugeuka.

Fundi akawafikiria wateja wake mmoja mmoja: nani mpole, nani ana watoto, nani mwenye macho ya tamaa. Alipompata, machozi yalimtoka. Kisha akachukua kitambaa na mafuta, akaanza kuling'arisha daraja.