Maneno Nyuma ya Picha

"Fundi, ile kadi yetu ya barua pepe bado unayo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwezi haujaisha tangu Mtanashati aniache kwa ujumbe wa simu, leo ananipigia ofisini mchana kweupe, sauti tamu utadhani hajanikosea.

"Kadi ipi?"

"Ya harusi, ile uliyotutengenezea. Rafiki yangu anaoa. Anataka muundo tu, picha atabadilisha mwenyewe."

Rafiki! Mji mzima ulijua anamuoa binti wa mkurugenzi wake. Tena alikuwa amemwapia huyo binti kwamba hajawahi kuchumbia mtu, eti mimi ni fundi wa kompyuta tu. Aliyenipa habari hizo ni mama mzazi wa Mtanashati, na alilia kuliko mimi.

"Nakutumia sasa hivi."

"Kweli? Huna kinyongo?"

"Kinyongo cha nini, kaka yangu?"

Kazi yangu ni kutengeneza barua pepe za kupendeza za makampuni. Watu wanadhani ni mchezo. Barua hiyo hiyo moja, kwenye simu hii inang'aa, kwenye kompyuta ile imepinda kama imegongwa na gari. Programu nyingine, hasa za maofisini, hazionyeshi picha mpaka mtu aziruhusu. Ndiyo maana nyuma ya kila picha tunaandika maneno, ili picha isipoonekana, maneno yatokee mahali pake. Nilimwimbia Mtanashati wimbo huo tangu tuanze mapenzi: jaribu kwenye kompyuta mbili tatu kabla hujatuma! Yeye alikuwa anapiga miayo.

Nikafungua faili. Nyuma ya picha, maneno niliyoandika kwa mapenzi yalikuwa pale pale. Machozi yakanitoka. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta.

"Thubutu!" nikajiambia. Nikatuma kama lilivyo.

Wiki iliyofuata simu ikaita, namba ngeni.

"Samahani dada, wewe ndiye Fundi?"

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni binti wa mkurugenzi. Baba amefungua kadi yangu ya harusi kwenye kompyuta ya ofisini, picha hazionekani. Pale ilipotakiwa kuwa sura yangu pameandikwa..." Akanisomea: "'Siku Mtanashati alipomvisha Fundi pete mbele ya mama.' Chini yake tena, 'Nyumba tuliyopanga tuanzie maisha.' Dada, ni kweli?"

Siku zote nilikuwa nimemchukia. Siku hiyo nikamhurumia.

"Ni kweli, mdogo wangu. Pete iko hapa kwenye droo yangu. Kama huniamini, muulize mama yake."

Nyuma yake nikasikia mzee akinguruma:

"Niitieni huyo kijana!"

Weee! Nilicheka peke yangu mpaka nikashika mbavu.

Jioni Mtanashati akaingia ofisini kwangu bila hodi, tai shingoni imelegea.

"Umeniua, Fundi! Umenitegea!"

"Sikugusa hata herufi moja. Picha umebadilisha wewe, maneno umeyaacha wewe, na aliyetuma ni wewe."

"Kwenye simu yangu ilikuwa safi kabisa!"

"Kwani ulikuwa unajialika mwenyewe?"

"Ungeniambia basi!"

"Nilikuambia miaka yote. Si ulikuwa unapiga miayo?"

Akapiga magoti. Mwanaume aliyeshindwa hata kuniaga ana kwa ana, leo yuko sakafuni.

"Mpigie yule binti. Mwambie ni utani. Nakuomba kwa mapenzi tuliyokuwa nayo."

"Mapenzi gani? Mimi si fundi wa kompyuta tu?"

Kabla hajajibu, ujumbe ukaingia. Nikamsomea kwa sauti, taratibu:

"Dada, harusi haipo tena. Tunahitaji barua ya kuwaambia waalikwa wote. Utatutengenezea?"

"Fundi, usikubali! Nitaiweka wapi sura yangu?"

Nikaandika mbele ya macho yake: "Naanza sasa hivi. Niweke picha gani?"

Jibu likaja haraka: "Hakuna picha. Maneno tu."

Nikavuta kiti, nikawasha kompyuta zote tatu za ofisi, na simu yangu nikaiegemeza pembeni.

"Zote hizo za nini?" akauliza kwa sauti ya kilio.

"Za kujaribia. Hii lazima isomeke kila mahali."