Vidonge vya Unaisi Havikuwa vya Ukoo

Jamani, sogeeni niwaeleze, maana nikinyamaza nitapasuka.

Nyumba ya Unaisi, pale ukingoni mwa mto Rewa, ndiyo nyumba yetu wanawake wote. Jumamosi tunajazana sakafuni kusuka mikeka ya harusi na misiba. Chai ya majani ya mlimao ipo, mandazi ya moto yapo, na habari za watu ndiyo usiseme. Mikono ya Unaisi haikuwa na mfano. Mkeka wake ungeulalia shavu ukadhani ni kitambaa.

Lakini tangu kimbunga kilipong'oa paa akiwa ndani na wanawe, usingizi ulimhama. Bati likigonga kidogo tu, moyo mbio, jasho chapachapa. Alipewa vidonge vya kumtuliza, akavimeza miaka, mwisho vikawa havimsaidii tena. Ndipo daktari akaamua kumbadilishia dawa. Nilimsindikiza mwenyewe, nikasikia kwa masikio yangu:

"Mama, hii mpya haitaanza kazi leo wala kesho. Ile ya zamani utaendelea nayo, ukiipunguza kidogo kidogo kama nilivyokuandikia. Ukiikata ghafla mwili utagoma. Unaweza hata kuanguka kifafa."

Kuna neno gumu hapo? Hakuna.

Jumamosi ya wiki ile ile, tukiwa tunasuka, akaingia Kelera, dada wa mumewe, hata kukaa hajakaa.

"Wifi! Nasikia umepewa dawa mpya!"

"Nimepewa, wifi."

"Sasa zile za zamani za nini tena? Kerekere, wifi yangu, nigawie. Mwenzio silali, mume wangu anakoroma kama boti ya injini."

Kwetu Fiji ndugu akishaomba kwa neno kerekere, umekwisha. Utatoa sufuria, utatoa kuku anayetaga, utavua shati mwilini. Kukataa ni kujitoa kwenye ukoo. Nikashindwa kuvumilia.

"Kelera, hiyo si sufuria. Daktari kasema bado anazihitaji."

"Kumbe umesomea udaktari na hatukualikwa sherehe! Mtu mmoja ana dawa mbili za usingizi, sisi tukodoe macho kama bundi?"

Watu wakaangua kicheko. Unaisi naye akacheka, cheko la aibu, akainuka akampa.

Mlango ukiachwa wazi, kuku wote huingia. Akaja shangazi wa mume, eti ana mawazo. Akaja mjomba Laisenia, mgongo unamsumbua. Akavimeza juu ya mabakuli ya yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili, akalala hadi ibada ikaisha bila sauti yake kwenye kwaya. Kijiji kizima kikamcheka. Angeweza kufa yule mzee! Sisi tukacheka.

Na Apisai, mume mtu? Alikuwa barazani akichuja yaqona yake, akiwatazama ndugu zake wakitoka na dawa ya mkewe. Nilimuuliza, "Shemeji, huoni?" Akanijibu, "Ni damu yangu, niwafukuze?" Damu yake! Na aliyelala naye kitanda kimoja akitetemeka ni nani, mpita njia?

Vidonge vya zamani vikaisha kabla ya wakati wake. Ile mpya ilikuwa bado haijashika. Unaisi akaanza kutetemeka vidole hata ukindu unamtoka mkononi.

"Twende kliniki, dada," nikamwambia.

"Nikaseme nini? Kwamba nimegawa? Sista atanifokea, halafu wakwe waseme nimewashtaki. Itapita tu."

Haikupita. Jumapili baada ya kanisa, nyumba imejaa, Unaisi alikuwa anaipua sufuria ya majani ya magimbi yaliyochemka kwa tui. Mara macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanguka akipiga mateke, povu mdomoni. Tui lote la moto likamwagikia mkono wake wa kulia. Tulimpakia kwenye boti huku Kelera akipiga mayowe kuliko mgonjwa.

Alipona roho. Mkono haukupona. Vidole vimekunjamana na havifunguki, na mkono ule hautasuka tena.

Kwa desturi yetu wakwe walikwenda hospitali na jino la nyangumi kuomba radhi, vichwa chini, maneno mazuri mazuri. Unaisi alilipokea kwa mkono wa kushoto, akasema amesamehe. Tukalia wote. Basi Kelera, machozi hata hayajakauka, akainama kitandani:

"Wifi, na hizi mpya, zinalaza vizuri? Kerekere, hata viwili tu."

Haki ya Mungu nusura nimvae. Apisai akatazama sakafu. Unaisi akamkazia macho wifi yake.

"Jino nimepokea, Kelera. Msamaha nimetoa. Kidonge sitoi."

FUNZO

Dawa ya mtu si mali ya ukoo, hata ukoo uwe mzuri namna gani. Anayebadilishiwa dawa bado anaihitaji ile ya zamani mpaka daktari aseme basi. Ukiomba, unamwibia kwa heshima. Usipolala, nenda ukapimwe wewe. Nawe mgonjwa, ukiishiwa, kimbilia kliniki siku hiyo hiyo. Kufokewa hakujamvunja mtu mkono. Nanyi waume, ndugu zenu watanuna, na kununa kutawaisha. Simameni mlangoni.

Mkeka ambao Unaisi hakuumaliza umekunjwa pembeni mwa sebule yake, nusu umesukwa, nusu ukindu mtupu. Ukienda pale kuomba chochote, utazame kwanza.